Magaidi wanataka tunyamaze. Kwa nini tuwasaidie?

MkaaJeevanjee

Wadau, hamjambo. Wiki jana kwenye Bunge la Mwananchi, baraza letu la mjadala wa wananchi pale bustani ya Jeevanjee, Nairobi, hoja ilikuwa ugaidi na uhuru wa kujieleza. Jamaa mmoja akasimama, akasema nchi inayolipuliwa haina nafasi ya anasa ya kila mtu kusema anachotaka, tubaki hai kwanza, mambo ya kusema yatakuja baadaye. Alipigiwa makofi si haba. Mimi nilipewa dakika mbili za kumjibu na hazikutosha kitu, kwa hivyo nimeleta hoja huku ambako hakuna spika wa kunikatiza.

Nianze na shambulio la jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Jumamosi tarehe 21 Septemba 2013. Waliouawa ni 67. Mmoja wao ni Kofi Awoonor, mshairi wa Ghana, mzee wa miaka 78 aliyekuja Nairobi kwa mwaliko wa tamasha la fasihi la Storymoja Hay. Mwingine ni Ruhila Adatia-Sood, mtangazaji ambaye wengi tulimjua kwa sauti. Sisemi waliwindwa kwa ajili ya mashairi au vipindi vyao. Waliuawa kama wale wengine, kwa kuwa walikuwa pale. Ila tazameni kilichokuwa kikiendelea saa zizo hizo: Al-Shabaab walikuwa Twitter wakisimulia mauaji yao kwa Kiingereza safi, akaunti ikifungwa wanafungua nyingine. Walitaka dunia nzima iwasikie. Halafu Januari 2014, hata miezi mitano haijapita, kundi hilo hilo likaziamuru kampuni za simu Somalia zizime intaneti ya simu katika maeneo linayotawala. Mdomo uwe wao, sisi tubaki na masikio.

Na wanachokiogopa si kubishiwa na wanasiasa. Wanaogopa kuchekwa na kuimbwa. Abdi Jeylani Malaq, mchekeshaji wa Mogadishu aliyejulikana zaidi kama Marshale, alikuwa akiwaigiza na kuwakejeli redioni. Mwaka 2012 alipigwa risasi akafa. Saado Ali Warsame, mwimbaji aliyeingia bungeni, aliuawa Mogadishu Julai 2014. Kabla ya hapo, Aprili 2010, kundi jingine la wapiganaji, Hizbul Islam, liliziamuru redio za Mogadishu ziache muziki wowote, hata ule mdundo wa kufungulia taarifa ya habari. Watangazaji walitii, nani anataka kufa kwa ajili ya mdundo? Lakini baadhi ya stesheni zikaanza kufungulia habari kwa milio ya risasi, miungurumo ya magari na sauti za wanyama. Mimi hicho kitendo nakihesabu kuwa hotuba kamili.

Sasa tuje kwetu. Novemba 2014 basi lilitekwa Mandera, abiria 28 wakauawa. Desemba 2 wachimba mawe 36 wakauawa huko huko. Nchi ilikuwa na hasira na haki ilikuwa nayo. Serikali ikaleta mswada wa kurekebisha sheria za usalama, ukapitishwa tarehe 18 Desemba huku wabunge wakichana karatasi na kurushiana ngumi, ukatiwa saini kesho yake. Ndani yake mlikuwa na kifungu cha 12: ukichapisha maneno ya kutusi, kutisha au kuchochea, au picha za wafu na majeruhi zinazoweza kuutia umma hofu, faini hadi shilingi milioni 5 au jela hadi miaka 3, au vyote viwili. Na kifungu cha 64, ambacho miongoni mwa mengine kilimfanya mhalifu mtu anayetangaza habari ya kuhujumu uchunguzi au operesheni ya ugaidi bila idhini ya polisi. Muungano wa upinzani wa CORD na wengine wakaenda mahakamani, na tarehe 23 Februari 2015 majaji watano wa Mahakama Kuu wakavifuta hivyo viwili pamoja na vingine sita.

Rudini hapo kwenye "bila idhini ya polisi". Baada ya Westgate, televisheni ya KTN ilionyesha picha za kamera za jengo: wanajeshi wetu wakitoka na mifuko ya plastiki. Mkuu wa polisi wa wakati huo, David Kimaiyo, alifoka na kuwatishia wanahabari John-Allan Namu na Mohammed Ali. Jeshi likasema mifuko ilikuwa ya maji. Kabla mwezi wa Oktoba haujaisha, mkuu wa majeshi, Jenerali Karangi mwenyewe, akatangaza kuwa wanajeshi wawili wamefutwa kazi na kufungwa. Niambieni, kama kifungu cha 64 kingekuwepo mwaka ule, ile kanda ingeombewa idhini ofisi gani? Nani angeitia saini?

Msimamo wangu ni huu, na mnaweza kuupasua. Katiba ya 2010, Kifungu cha 33, ilishachora mstari. Uhuru wa kujieleza hauhusu propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki wala kuhimiza chuki. Anayesema "nendeni mkaue" yuko nje ya mstari, akamatwe leo. Anayesema serikali imezembea, anayecheka, anayeudhi, hata anayekera dini yangu, yuko ndani. Kila tunapousogeza mstari ili tumbane gaidi, gaidi yuko msituni Boni, na anayebanwa ni mwanahabari wa Kimathi Street.

---

MzalendoHalisi

Mkaa, umeandika vizuri, mkono wako mwepesi. Lakini mimi ni mtu wa 1998. Kaka yangu alikuwa Ufundi House tarehe 7 Agosti, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa. Watu 213 walikufa hapa Nairobi siku ile, na wewe unaniletea habari ya waimbaji na wachekeshaji.

Sasa hesabu nawe. Mahakama ilifuta hivyo vifungu tarehe 23 Februari 2015. Chuo Kikuu cha Garissa kilishambuliwa tarehe 2 Aprili. Siku 38. Watu 148. Hao majaji watano walilala vizuri?

Mnapenda Katiba mpaka mnasahau kwamba maiti haina kifungu cha 33.

---

WakiliWaMtaa

Mzalendo, pole kwa kaka, na sisemi kwa kupita tu. Lakini hesabu ya siku 38 haijathibitisha unachotaka kuthibitisha.

Kwanza, mahakama haikufuta sheria nzima. Ilifuta vifungu vinane. Sehemu kubwa ya sheria ile ilibaki, na Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 ilikuwepo kabla yake na ipo mpaka sasa. Siku Garissa inashambuliwa, polisi hawakuwa wamepungukiwa na mamlaka hata moja ya kumkamata mtu mwenye bunduki.

Pili, kilichokosekana siku ile tunakijua. Mashambulizi yalianza alfajiri. Recce, kikosi maalumu cha polisi, kilitoka Nairobi kikafika alasiri, na kilipoingia kazi ikaisha haraka. Kati ya alfajiri na alasiri ndipo watoto walikufa. Nani alitueleza habari ya kuchelewa kwa Recce na vurugu za ndege? Waandishi wa habari. Chini ya kifungu cha 64 hiyo ilikuwa "habari ya operesheni", na wewe na mimi tungekuwa bado tunaambiwa kila kitu kilienda sawa.

Kuna hukumu nyingine mbili huwa nazitaja kwa wateja wangu. Aprili 2016, Jaji Mumbi Ngugi alikiondoa kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, kile cha "matumizi mabaya ya kifaa cha mawasiliano" kilichokuwa kikinasa kila mwenye kidole kirefu Facebook. Februari 2017 kosa la jinai la kumkashifu mtu nalo likaondoka. Sikumbuki gaidi hata mmoja aliyenaswa na vifungu hivyo. Wanablogu, wengi.

---

MzalendoHalisi

Wakili, unajibu kama uko kortini. Nauliza kitu kidogo: yule mvulana wa chuo anayetazama video za kuchinja watu usiku, akaamka asubuhi akapanda basi la kuelekea mpakani, hakuathiriwa na maneno? Au maneno yana nguvu yakiwa mashairi tu, yakiwa mahubiri ya damu yanageuka upepo?

---

KijanaWaFoleni

Hilo swali ni langu.

Nilifanya kazi ya kukagua maudhui ya mtandao mkubwa, hapa hapa Nairobi, kupitia kampuni ambayo sitaitaja kwa sababu bado kuna mambo ya kisheria. Kazi yenyewe ni foleni. Unafungua, video ya kwanza inakuja, una sekunde chache za kuamua ibaki au iondoke na kwa sababu ipi, unabonyeza, inayofuata inakuja. Kiswahili kilikuwa changu, na Kisomali kilikuwa cha dada aliyekaa kulia kwangu. Alikuwa akifunika sehemu ya juu ya skrini kwa kiganja ili asome maandishi bila kuiona picha.

Kwa hivyo Mzalendo, maneno yana nguvu. Nimeyaona. Lakini nikuambie kilichokuwa kikiondolewa kwa wepesi: mama aliyeweka picha ya mwanawe aliyeuawa, kwa kuwa kuna damu. Mwandishi aliyenukuu tangazo la Al-Shabaab ili alipinge, kwa kuwa mashine imeona jina la kundi. Utani. Na kilichokuwa kikibaki: mhubiri mwenye sauti ya upole, Kiswahili cha mafumbo, hataji bunduki hata mara moja, anauliza tu "nyumba yako ikiingia nyoka unamwita mjumbe?" Ukiwa si mtu wa lugha hiyo, hapo huoni kitu. Mimi niliona, nikaweka alama, ikarudi na jibu kwamba haijavunja kanuni.

Na sisemi kwamba kila kitu kiachwe. Mnaijua kesi ya Profesa Meareg Amare, mkemia wa Ethiopia. Watu walimwandika Facebook, wakaweka picha yake na mahali anapokaa, na Novemba 2021 akauawa. Mwanawe aliishtaki Meta, kampuni yenye Facebook, hapa Nairobi Desemba 2022, na Aprili 2025 Mahakama Kuu ikasema ina mamlaka ya kuisikiliza. Ule ulikuwa uchochezi wa wazi: jina, sura, anwani, mauaji. Huhitaji sheria mpya kuutambua. Unahitaji mtu anayeijua lugha, aliyelala vizuri na anayelipwa, na mwenye bosi anayesoma ripoti yake. Zaidi ya wakaguzi 140 wa hapa mjini walipimwa na daktari wa Hospitali ya Kenyatta wakakutwa na maradhi ya kiwewe. Hao ndio mlinzi mliyemweka langoni.

---

UstadhiWaEastleigh

Assalamu alaykum wote.

Mkaa amesema anayekera dini yangu yuko ndani ya mstari. Hapo tutabishana, lakini tutabishana kwa kalamu. Katuni za Mtume za lile gazeti la Paris, Charlie Hebdo, ziliniuma na zinaniuma hadi leo. Sitanunua, sitasambaza, na ukiziweka hapa nitakuomba uzitoe. Lakini tarehe 7 Januari 2015 watu 12 waliuawa kwa ajili yake, na mmoja wa waliouawa, polisi Ahmed Merabet, alikuwa Mwislamu aliyekuwa kazini akilinda barabara. Sijui waliompiga risasi akiwa amelala chini walidhani wanamtetea Mtume gani.

Wanaotuzungumzia huko nje hudhani sisi Waislamu ndio wenye kunufaika na hofu hii. Niwakumbushe Mombasa. Mhubiri Aboud Rogo alipigwa risasi Agosti 2012. Mhubiri mwenzake, Abubaker Shariff aliyeitwa Makaburi, Aprili 2014. Hao walikuwa wakali, na mahali pao palikuwa mahakamani, wasikilizwe, wahukumiwe, kila mtu aone hoja zao zilivyo nyepesi. Badala yake kanda za Rogo ziliendelea kuzunguka baada ya kifo chake, sasa zikiwa na cheo cha shahidi juu yake. Kisha Juni 2014 akauawa Sheikh Mohamed Idris, mwenyekiti wa baraza la maimamu, aliyekuwa akiwapinga vijana waliotaka kuuteka msikiti. Aliuawa alfajiri akienda kuswali. Mkali kauawa, na anayempinga mkali kauawa. Imamu wa kawaida aliyebaki anajifunza nini? Ahubiri udhu na hedhi, basi.

Hapa Eastleigh, Aprili 2014, ikaja Usalama Watch, operesheni ya polisi. Karibu watu 4,000 walishikwa, wengi wao Wasomali, na uwanja wa Kasarani ukageuzwa mahabusu. Kabla ya hapo nilikuwa na darsa la Alhamisi usiku ambapo vijana waliuliza maswali magumu: jihadi ni nini, Somalia kuna haki, kwa nini jeshi letu liko kule. Maswali ya hatari, ndiyo, na ndiyo niliyoyataka, kwa maana kijana akiyauliza kwangu nina nafasi ya kumjibu. Baada ya Kasarani maswali yalikatika. Hayakuisha vichwani mwao. Yalihamia chumbani, kwenye simu, kwa mtu mwingine mwenye majibu yake tayari.

---

Msimamizi

Nimefuta michango miwili iliyoita jamii nzima magaidi, na mmoja uliotoa namba ya simu ya mtu. Hoja ibaki, watu waachwe.

---

MsomajiKimya

Haha, msimamizi naye ana kifungu chake cha 64.

---

MkaaJeevanjee

Si sawa, Msomaji. Msimamizi amefuta matusi ndani ya nyumba yake na hakukupeleka jela ya Industrial Area. Unaweza kufungua uzi wako kesho umtukane yeye.

Lakini umenikumbusha shambulio la hoteli ya Dusit, Nairobi, Januari 2019. New York Times waliweka picha ya maiti wamelala mezani kwenye mkahawa, damu chini ya viti. Wakenya waliwaka. Hoja yao ilikuwa nzito: mbona maiti za shuleni Marekani hamzionyeshi hivi? Baraza la Vyombo vya Habari likaandika barua, gazeti likalazimika kutoa maelezo hadharani. Kwa kifungu cha 12 ile ingekuwa kesi ya polisi, na kesho yake kifungu hicho hicho kingemwangukia mpiga picha wa Nairobi aliyeonyesha maiti za maandamano. Tuliwasema wakasemeka. Hakuna aliyefungwa. Mimi hapo niliona aibu inafanya kazi kuliko pingu, na ninaijua hoja kwamba gazeti kubwa la ng'ambo haliogopi pingu zetu hata hivyo.

Ustadhi, kuhusu kukera dini: Wakili atanirekebisha, lakini bado tuna kifungu cha 138 kwenye Kanuni ya Adhabu cha kumfunga mtu mwaka mmoja kwa kuumiza hisia za kidini kwa makusudi. Mimi ningekiondoa. Najua wewe usingekiondoa.

---

UstadhiWaEastleigh

Nisingekiondoa. Wala sijawahi kukitumia.

---

BintiPumwani

Nimesoma yote. Mnaongea kama wanaume wa barazani, kila mtu na tarehe yake. Niwaambie ya Majengo.

Lile kundi lililojiita Muslim Youth Centre lilianzia mtaani kwetu, baadaye likajiita Al-Hijra. Lilikuwa na vijana tuliocheza nao. Waliokwenda Somalia hawakuondoka kama kwenye sinema. Mmoja alimwambia mama yake amepata kazi ya ujenzi. Alimwachia mia tano za unga na chaja ya simu.

Yule mama anamjua aliyemchukua mwanawe. Anamjua kwa jina, anapita mlangoni pake. Na ana mtoto mwingine wa kiume, wa miaka 19. Akisema msikitini, ataitwa msaliti na kuna watu mtaani hawatamnunulia tena maandazi, hilo likiwa ndilo dogo. Akisema kituoni, kikosi kitakuja usiku na kitamchukua yule wa 19 kwa kuwa ndiye aliyebaki, na akishachukuliwa haijulikani atarudi lini au kama atarudi. Baada ya Garissa serikali ilitangaza siku 10 za msamaha kwa waliorudi kutoka Somalia wajisalimishe. Siku 10! Mama mwenye mtoto hatupi kete kwa siku 10 na watu ambao mwaka mmoja kabla walikuwa wakijaza Kasarani.

Kwa hiyo ananyamaza. Hapa kwetu jioni wazee huketi na kahawa chungu na kashata, na zamani ungesikia siasa, dini, Palestina, kila kitu kwa sauti. Siku hizi mgeni akikaribia, kikombe kinatua, mtu anasema "Arsenal jana mliwaona?" Hata wasiopenda mpira.

Huo ndio uhuru wa kujieleza ninaoutaka mimi. Si wa gazeti. Wa huyu mama kusema jina la mtu mmoja, kwa sauti, mara moja, na kesho yake aamke na mtoto wake yuko.

---

MzalendoHalisi

Binti, umenigusa pabaya. Hilo la mama nakubali, na sikuwahi kulifikiria kama suala la kujieleza.

Lakini bado nina Shakahola kooni, ule msitu wa waumini waliofunga hadi kufa. Paul Mackenzie hakuwa na bunduki wala si Mwislamu. Alikuwa na kipaza sauti na kamera. Alihubiri miaka, mtandaoni, hadharani, shule ni shetani, hospitali ni shetani. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Mkaa, kwa mstari wako, maneno yake yalikuwa ndani au nje? Hakusema "nendeni mkaue".

---

MkaaJeevanjee

Swali zuri kuliko yote humu, na sitalikimbia.

Mengi ya mahubiri yake yalikuwa ndani ya mstari. Kusema dunia inaisha si kosa, makanisa nusu ya Nairobi yanasema kila Jumapili. Kuhubiri kwamba mtoto asiende shule tayari ni kitu kingine, maana sheria ya elimu ipo na mtoto ana mlinzi. Kumwambia mzazi amfungishe mtoto hadi afe ni kuua, iwe kwa kipaza sauti au kwa mkono.

Ila usisahau kilichotangulia. Mackenzie alikamatwa mwaka 2017, hii habari haikuwa siri. Wenyeji na jamaa za waumini walipiga kelele kabla ya makaburi kufunguliwa. Kamati ya Seneti ilipochunguza ililaumu vyombo vya serikali kwa kuzembea. Kwa hiyo ukisema shida ilikuwa uhuru wa kusema kupita kiasi, mimi naona watu walisema na wenye kazi ya kusikia hawakusikia. Ungempokonya Mackenzie kamera, angebaki na msitu. Kule msituni hakukuwa na kamera, na ndiko watu walikokufa.

---

WakiliWaMtaa

Niongeze la karibuni kwa sababu watu wanadhani haya ni ya 2014.

Sheria ya ugaidi ina maneno mapana, na maneno mapana hayakai kabatini. Baada ya maandamano ya Juni 2025 kuna vijana walioshtakiwa kwa ugaidi. Julai mwaka huo mwanaharakati Boniface Mwangi alipokamatwa, maelezo ya kwanza ya wapelelezi yalitaja kusaidia vitendo vya ugaidi. Alipofikishwa mahakama ya Kahawa, iliyojengwa kwa ajili ya kesi za magaidi, shtaka lilikuwa la kumiliki risasi kinyume cha sheria. Tarehe 25 Juni, siku ya maandamano, mawimbi ya stesheni kadhaa za televisheni yalikatwa kwa sababu zilikuwa zikionyesha moja kwa moja, hadi Mahakama Kuu ilipoingilia. Na mwezi huo huo mwalimu Albert Ojwang aliletwa Nairobi kutoka Homa Bay kwa ajili ya chapisho la mtandaoni kuhusu afisa mkuu wa polisi, akafa akiwa mikononi mwa polisi.

Hao wote hawana uhusiano wowote na Al-Shabaab. Lakini ukiwa mchochezi wa kweli, ukakaa Majengo au Mandera ukimwambia kijana kwamba serikali hii haina tofauti na sisi, unadhani mwaka 2025 ulikupunguzia maneno au ulikuongezea?

---

MsomajiKimya

Swali la mtu wa kawaida, bila falsafa. Mimi nikiwa msikitini au kanisani, mhubiri akasema kabisa "fulani auawe". Nifanye nini? Nirekodi?

---

WakiliWaMtaa

Andika siku, saa, mahali na maneno yenyewe, si tafsiri yako. Kama una kanda, itunze ilivyo bila kuikata. Usiisambaze kwenye vikundi vya WhatsApp "ili watu waone", maana hapo wewe ndiye unayemfanyia kazi ya usambazaji. Peleka polisi, na ukiogopa kwenda peke yako pitia kwa wakili au shirika la haki za binadamu ili kuwe na nakala nyingine ya ripoti yako nje ya kituo. Tume ya Uwiano na Utangamano nayo hupokea malalamiko ya matamshi ya chuki ya kikabila.

---

BintiPumwani

Na jina la aliyeripoti linakaa kwenye daftari la nani?

---

WakiliWaMtaa

Dada, hapo umenipata. Sheria ya Kulinda Mashahidi ipo tangu 2006 na ina wakala wake. Lakini imetengenezwa kwa shahidi wa kesi. Mama yako wa Majengo hana kesi. Ana jina tu na wasiwasi, na hakuna kitabu cha sheria kinachomfahamu mtu wa namna hiyo.

---

MzalendoHalisi

Basi mswada wa namna hiyo ukiletwa bungeni nitaenda kuusemea mimi mwenyewe, na mifuko ya plastiki ya Westgate muiache nje. Mkaa, Jumamosi mko pale saa ngapi?

---

MkaaJeevanjee

Kuanzia saa nne, upande wa Moi Avenue. Njoo na swali la Shakahola, yule jamaa wa anasa huwa anafika mapema.